Nani Kakutuma Ujaze?

Kibandani kwangu,
4 Machi

Shemeji Waya,

Salamu kwako, kwa waliobaki nyumbani kwako, na kwa redio zako zote ulizozipasua matumbo ukashindwa kuzirudishia. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma na meno yamebaki ya mbele tu, ya kukung'atia wewe. Nikikuuliza hali yako nitakuwa mnafiki, maana jana nimekusikia kwa masikio yangu, na kwa sauti ile ama una mafua ama kuna mtu amekukalia kifuani.

Ndiyo, nimekusikia. Usijifanye kushangaa.

Nilikuwa nagongelea soli ya kiatu cha mteja. Mama Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, huyo anayeshona nguo za wasimamizi wa harusi ya mpwa wangu, akafungua simu yake. Wimbo ukatoka. Nyundo ikasimama hewani. Nikasema moyoni, huo ni wimbo wa dada yangu. Mara likaingia dume linaimba, sauti kama bawaba ya mlango wa choo. Nikauliza, "Huyo nani anayelia?" Akanijibu, "Si baba wa bibi harusi! Karekodi mwenyewe nyumbani, kautengeneza upya kwa mtindo wake. Kamati nzima ya harusi inausikiliza, watu wanatoa machozi." Nikamwambia hata mimi yananitoka, hebu nipishe niteme mate.

Sasa sikiliza. Umetia gita. Sawa, gita nimelisamehe. Hicho kitu kinachogonga tk-tk-tk kama kuku anadonoa debe nacho nimekisamehe. Najua ni kijiko na sufuria, na sufuria yenyewe naijua, mpini wake niliupiga ribiti mimi. Umeupunguza mwendo, mpaka wimbo wa mtu aliyebeba ndoo umekuwa wimbo wa mtu aliyebebwa. Dada angeimba hivyo njiani na maji kichwani angefika nyumbani kesho yake. Hilo nalo nimelimeza, ingawa limenikwaruza koo.

Lakini Waya, mbona umejiitikia mwenyewe?

Ule wimbo una watu wawili. Mmoja yuko nje ya mlango, ndoo kichwani, imejaa mpaka mdomoni. Hawezi kuinama. Akijaribu kuishusha peke yake anaoga. Huyo ndiye anayeita:

Nitue, wa ndani, nitue,
shingo imezama mabegani.

Wa pili yuko ndani. Anaacha alichoshika, anatoka, anaitika, anashika upande wa pili wa ndoo, wanaishusha pamoja. Kwetu mama alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa kitu chochote. Ungeweza kuvunja sahani ukasamehewa. Ungeweza kukimbia shule, kama nilivyokimbia mimi hadi shule ikanichoka. Lakini mtu aite "nitue" na wewe uko ndani umenyamaza? Mgongo ungeeleza.

Wewe umeita kwa sauti nene, halafu ukajibana pumzi ukaitika kwa sauti nyembamba: "Nakuja, wa nje, nakuja, mzigo wako ni wangu." Unakuja kutoka wapi? Uko ndani, uko nje, wewe ni moshi? Mtu hajitui mwenyewe. Hata punda hajitui.

Na aliyekuwa ndani ya nyumba ile ni mimi. Dada alinipita miaka, nilikuwa mdogo na msumbufu, ndiyo maana akaniita Kiroboto. Nilimtua mpaka siku ulipokuja na shati lako la kuazima ukamchukua. Sasa naye hayupo, na wewe umeona hata nafasi yangu mlangoni uichukue.

Futa hicho kitu. Nimeandika barua makusudi, maana ningepiga simu ungekata nilipofika kwenye bawaba ya choo. Barua haina pa kukatia.

Mpwa wangu nisalimie. Yeye sina ugomvi naye.

Ni mimi shemeji yako, kama ushemeji bado haujaoza,
Kiroboto


Nyumbani,
12 Machi

Shemeji yangu Kiroboto,

Barua yako imefika, na bahasha ilikuwa inanuka gundi ya viatu. Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka, lakini dawa nameza. Mpwa wako hajambo, anakusalimia, anasema mjomba wake akikasirika anaandika vizuri kuliko magazeti. Goti lipake mafuta ya moto. Meno sina ushauri.

Nimeisoma yote, pamoja na bawaba. Nimecheka nikiwa peke yangu, jambo ambalo sijalifanya kwa muda mrefu. Kisha nikasoma tena, sikucheka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani niliamka asubuhi nikajiona mwanamuziki. Binti alikuja akaniambia, "Baba, siku ya harusi nataka niingie ukumbini na wimbo wa mama. Ule wa nitue." Nikamwambia sawa. Nikaenda kutafuta. Nimepekua kanda zote humu ndani, Kiroboto. Kuna hotuba, kuna mpira, kuna bendi zilizokufa zamani, kuna sauti ya mteja anakohoa. Sauti ya mke wangu haipo. Kila nilipowasha kinasa sauti alinyamaza, akasema anayetaka kumsikia aje jikoni. Nilidhani nina muda.

Basi nikaamua niuimbe mimi. Upande huu jirani yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mchana kutwa ni kelele na cheche. Nikagundua kitu kimoja: umeme ukikatika, naye ananyamaza. Ikawa kazi yangu kusubiri umeme ukatike. Ukikatika tu nakimbilia chumbani, nasimamisha godoro dirishani, najifunika blanketi na simu, naimba kwa betri. Jasho linaingia machoni. Mara nyingine umeme unarudi katikati ya ubeti na mashine ya jirani inaitika kabla yangu. Gita nililiongeza baadaye. Sufuria ndiyo hiyo unayoijua.

Kuhusu mwendo, nimeupunguza kwa sababu kila nilipouimba kwa kasi yake nilimwona anatembea. Kwa kasi hiyo siwezi kufika mwisho. Jaribu wewe.

Kuhusu kuitika, ulitaka aitike nani? Nyumba hii tulikuwa wawili. Binti anaishi kwake, huko anakofanya kazi. Niliita chini ya blanketi, kukawa kimya. Kimya kile sikukiweza, nikaitika mwenyewe. Kama ni kosa basi ni kosa la mtu aliyebaki peke yake ndani. Na wewe tangu mazishi hujakanyaga hapa, wala hujapiga, wala hujapokea nilipopiga. Leo ndiyo unakumbuka kuwa wa ndani ni wewe?

Siufuti. Binti ameupenda. Lakini kama unataka njoo, tuuimbe upya wawili. Blanketi ninalo, ni kubwa.

Kadi ya harusi nimeambatisha. Ni ukumbi ule wa karibu na kituo cha mafuta.

Ni mimi shemeji yako,
Waya


Kibandani,
17 Machi

Bwana Fundi Redio,

Salamu sina. Mzima nipo. Goti usiliulize, halihusiki na wewe.

Unaniuliza kwa nini sijakanyaga huko tangu mazishi. Hebu weka bisibisi chini. Weka. Umeweka?

Nani aliyeniita huko mara ya mwisho, na aliniita kwa lipi?

Nakukumbusha, maana inaonekana presha imepanda mpaka kwenye kumbukumbu. Ulinipigia asubuhi, mimi nina kiatu cha mtu magotini, ukaniambia, "Kiroboto, dada yako ametutoka." Nikakuuliza, ajali? Ukasema, hapana, alikuwa anaumwa. Nikakuuliza, tangu lini? Ukaanza kunitajia saa ya mazishi. Nilipofika ndiyo nasikia kwa majirani zako, kwa huyo huyo mchomelea mageti, kwamba dada yangu amefanyiwa upasuaji wa uvimbe, amelazwa, ametolewa, amerudishwa, amelazwa tena. Mchomelea mageti anajua! Muuza nyanya wa pale kona anajua, ananipa pole na historia ya ugonjwa! Mimi niliyenyonya ziwa moja na yule mwanamke nasimama pale kama mgeni aliyekosea msiba.

Hukuniita kuuguza. Uliniita kuzika.

Sasa unaelewa kwa nini ule wimbo wako umenikaba? Si gita. Si sufuria. Ni kwamba umerekodi kabisa, kwa sauti yako mwenyewe, ulichofanya. Dada kaita, wewe ukaitika peke yako, ukashika ndoo peke yako, na mlango ukaufunga. Halafu watu wa kamati wanakusifia kwamba unagusa moyo. Wewe fundi unagusa kila kitu ila simu ya kuniita mimi!

Unasema ulikosa wa kuitika ukashindwa kuvumilia kimya. Kimya gani? Wewe umekisikia chini ya blanketi kwa dakika chache, umeme ukarudi. Mimi nimekaa nacho tangu siku ile. Kila kiatu ninachoshona nakaa nacho. Najiuliza, siku zile aliponihitaji mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa hapa, nawatania wateja, nacheka kama mjinga, meno yote nje, na dada yuko kitandani.

Na bado unaniambia "njoo tuuimbe wawili". Nije chini ya blanketi lako? Kwanza unakoroma, hilo dada alinisimulia, na lilikuwa siri.

Harusini siji. Mwambie mpwa wangu mjomba ana kazi nyingi. Viatu vyake vya harusi nimevimaliza, nitavituma na dereva wa lori la saruji, amfikishie mkononi. Vya kwako sijavigusa na sitavigusa, vaa kandambili.

Kaka wa marehemu


Nyumbani,
30 Machi

Shemeji,

Natumaini u mzima. Viatu vya binti vimefika, vimemkaa kama ngozi yake. Alivivaa akazunguka sebuleni, kisha akakaa chini akalia kwa sababu nilimwambia huji. Sikumdanganya kuwa una kazi nyingi. Amekujua tangu utotoni, angeniuliza tangu lini.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kuna jambo niliahidi kutolisema. Niliyemwahidi hayupo, nawe upo na unanitukana, kwa hiyo nimeona nilitoe.

Ni yeye aliyenikataza kukuita.

Alipotoka chumba cha upasuaji na kupata fahamu, kitu cha kwanza nilimwambia, "Nampigia Kiroboto." Akanishika mkono. Akasema, "Usithubutu. Akija atanichekesha, na mshono haujashika." Nikadhani ni utani. Nikamwambia basi nitamwonya, aje akae kimya kama mtu mzima, asitanie. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo: "Kiroboto akija akakaa bila kunitania, nitajua nakufa. Mwache huko aliko. Kuna mtu mmoja bado ananiona mzima."

Nilibishana naye, shemeji. Nilibishana siku hiyo na siku nyingine. Mara mbili nilitoka na simu hadi kwenye ngazi za hospitali, jina lako liko mbele yangu. Nikarudi ndani bila kupiga. Alikuwa ananitazama mfukoni kabla ya kunitazama usoni. Ulipompigia wewe, zile simu zako za kumuuliza kama bado amekonda kama mti wa bendera, aliniambia nitoke, akajiweka sawa juu ya mto, akakujibu. Ulikuwa unamsikia kama mzima kwa sababu alijipanga. Ukikata, analala mpaka jioni.

Sikukuandikia haya ili unihurumie. Nina hasira pia. Uliniacha kaburini nimesimama na koleo, ukaondoka bila kuaga, na mimi nilikuwa nimebeba siri ya dada yako huku unanitazama kama mwizi. Nilivumilia kwa sababu ya ahadi niliyompa, si kwa sababu yako.

Wimbo ule niliouweka nimeuondoa, nimewaambia kamati wafute. Nimetengeneza mwingine. Ubeti wa kuita nimeuacha. Pale pa kuitika nimetoa sauti yangu, nimebakiza sufuria tu inagonga. Kuna nafasi hapo. Wimbo nimeutuma kwenye simu ya Mama Cherehani. Mwambie akufungulie.

Ni mimi shemeji yako, upende usipende,
Waya


5 Aprili

Waya,

Barua nimeisoma.

Kwa hiyo utani wangu ndio ulionifungia mlango. Asante kwa kunijulisha. Nitakaa nao.

Ungeniita hata hivyo. Angekasirika, ningekasirika, mshono ungefumuka, ungeshonwa tena, mimi nashona kila siku. Ilikuwa juu yangu mimi kuchagua nikae nimenuna au nimtanie. Mlinichagulia ninyi wawili, kama mtoto anayefichiwa sindano.

Huo wimbo wenye shimo sijausikiliza. Usiniandikie tena.


Nyumbani,
26 Aprili

Shemeji,

Umenikataza kuandika, naandika kidogo. Sisi wazima.

Harusi ni wiki mbili zijazo. Jana mwenye kupiga muziki ukumbini alikuja kuchukua wimbo. Akasikiliza, akaniambia, "Mzee, hapa katikati kuna hitilafu, sauti imekatika." Nikamwambia hakuna hitilafu. Akaniambia watu watadhani mashine imeharibika, bora arudie ubeti wa kwanza aujaze. Kabla sijamjibu, binti akamwambia aache hivyo hivyo. Akasema, "Kama mjomba haitiki, basi watu wasikie kwamba haitiki."

Nilitaka ulijue hilo. Amerithi mdomo wenu.

Waya


Kibandani,
3 Mei

Shemeji Waya,

Salamu. Mimi mzima, goti limepona lenyewe bila mafuta yako ya moto. Kunywa dawa zako za presha kabla ya kusoma, na ukimaliza kusoma kunywa nyingine.

Kwanza, mwambie mpwa wangu nimepata salamu zake. Nimezisoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Hapa kibandani hakuna nafasi ya kusimama, nimegonga kichwa kwenye rafu, kopo la misumari limenimwagikia. Mtoto gani anayemwambia mjomba wake hivyo? Nimejivunia mpaka nikaogopa.

Baada ya hapo nikaenda kwa Mama Cherehani, nikamwambia fungua ule wimbo wenye shimo. Akasema, "Mzee, nimeutunza huo tangu mwezi uliopita, nilijua utakuja na sura hiyo." Akazima cherehani, akafunga mlango, wateja akawaambia kuna kikao. Tukasikiliza. Umeimba vizuri kidogo, kwa mtu anayefungua redio. Ikafika pale. Sufuria ikagonga, ikagonga, ikagonga. Hakuna mtu. Mama Cherehani akanitazama. Mimi nikatazama mkasi.

Hapo kuna jambo itabidi ulijue, na litakuuma, nami nafurahi kwamba litakuuma. Ule mwitiko unaoujua wewe, "Nakuja, wa nje, nakuja, mzigo wako ni wangu," ndio wanaouimba watu wote. Ndio aliokuimbia wewe jikoni miaka yote, kwa sababu wewe ni mtu wa heshima na ulikuwa unamwogopa. Kwetu nyumbani haukuwa huo. Dada alipofika mlangoni akaita, mimi nilitoka nikamkuta pale, shingo imekakamaa, macho tu ndiyo yanageuka, hawezi kunikamata wala kunirushia kitu. Angekuwa na mikono ningeitika kwa adabu. Mikono yake ilikuwa juu. Basi nikasimama mbele yake, nikaitika:

Nani kakutuma ujaze?
Shingo yako nene, kaa nayo!

Ndivyo ulivyo wimbo wetu. Dada anacheka, akicheka ndoo inacheza, maji yanamshukia mgongoni, anapiga kelele kwamba ataniua, ndipo mimi naishika. Tukishaishusha ananikimbiza uwanja mzima. Mama alitupiga wote wawili kwa maji yaliyomwagika. Hakukoma yeye, sikukoma mimi. Siku nyingine nikiwa nimenuna nikaitika vizuri, "Nakuja, nakuja," aligoma kutuliwa! Alisimama na ndoo kichwani akasema, "Sema ile." Mpaka niseme.

Kwa hiyo uliponiandikia maneno yake ya hospitalini, ile "akikaa bila kunitania nitajua nakufa," wewe ulidhani unanieleza habari mpya. Mimi niliisikia sauti ya mlangoni kabisa. Ndiyo maana sikuandika zaidi ya mistari ile. Nilikuwa naona vibaya.

Haya, tukarekodi. Mama Cherehani akashika simu, akanielekeza nisiegemee mashine. Mara ya kwanza nikaimba kwa upole, sauti ya mzee mwenye huzuni. Akaufungua tukausikia, akasema, "Unaomba msamaha au unaomba kura?" Mara ya pili nikakohoa. Mara ya tatu nikaanza, "Nani kakutuma," nikashindwa hapo hapo, sufuria yako inaendelea kugonga kama mjinga.

Ndipo hasira zikanipanda. Si kwako, Waya, wewe subiri zamu yako. Zilinipanda kwa dada. Nikamwona kajipanga juu ya mto anaongea na mimi kwenye simu, anacheka kicheko chake cha uongo, mimi namuuliza kama amekonda na kweli amekonda! Nikasema kumbe ulinidanganya wewe mwanamke, mimi mdogo wako, ukanifanya nikutukane ukiwa mgonjwa, ukajiona mjanja, ukajitwisha ndoo yote peke yako mpaka mdomoni. Nikamwambia Mama Cherehani anza. Wimbo ukafika pale nikapiga kelele, Waya. Sikuimba. Nilipiga kelele kwa hasira zote nilizo nazo: NANI KAKUTUMA UJAZE? Mshona magunia wa mtaa wa pili alikuja kugonga mlango, kadhani namfukuza mdaiwa. SHINGO YAKO NENE!

Pale pa "kaa nayo" hapakutoka. Nilifungua mdomo, pakatoka upepo.

Mama Cherehani akacheka. Yule mwanamke hana adabu, alicheka kweli, kicheko cha kuanzia tumboni, simu ikatikisika mkononi mwake. Kimeingia kwenye wimbo. Kimeingia pale pale dada alipokuwa anaingia na chake. Tulipomaliza kuusikiliza tena, yeye akafungua mlango akawaambia wateja kikao kimeisha.

Ndio huo aliokutumia. Sasa sikiliza maagizo, na usiniletee ufundi wako hapa. Usiusafishe. Usipunguze sauti yangu. Usilete gita juu yake. Kicheko usikikate hata kidogo, ukikikata nakuja na kisu cha soli. Uongeze mwendo, upeleke kwa kasi yake, na kama huwezi kufika mwisho basi kaa chini usikilize wanaoweza. Mwenye muziki ukumbini mwambie aufungue kwa nguvu. Wakwe wapya wakiuliza ni nani anayemkaripia marehemu siku ya harusi, waambie ni kaka yake, na wakae mbali na meza yangu.

Kwa maana nakuja. Nafika siku mbili kabla, na lori lile lile la saruji. Viatu vyako nimevitia soli mpya, nimevikaza kidogo upande wa kulia ili vikubane wakati wa hotuba. Sijakusamehe. Usijipange kunipokea na uso wa mtu aliyesamehewa. Nitalala sebuleni, nitakula chakula chako, na asubuhi tutaanza kugombana toka mwanzo, pale kwenye ngazi za hospitali na jina langu mbele yako, na hutasema presha imepanda mpaka nimalize.

Na mpwa wangu asije akaulizwa na watu maana ya maneno yale akakosa jibu. Usimweleze wewe, hujui kitu. Mwache aniulize mimi. Nina mambo ya mama yake ambayo hujawahi kuyasikia miaka yote uliyolala naye, na nitamsimulia wewe ukiwa umekaa hapo hapo, umebanwa na kiatu, unasikia kwa mara ya kwanza pamoja naye.

Ni mimi shemeji yako,
Kiroboto